Mashine ya boti na oili yake: Mvuvi atazame herufi za kopo, si rangi wala namba

WAVUVI na wasafirishaji wa Dar es Salaam wenye boti za injini za kupachika hawana safari ndefu wanapotafuta oili. Kutoka Soko la Samaki la Feri, Magogoni, hadi mitaa ya Kariakoo na Gerezani ni mwendo mfupi, na huko ndiko plagi, propela na oili hupatikana. Hata walio Mafia, Kilwa na Bagamoyo huagiza mizigo yao kutoka mitaa hiyo, kwa sababu ndiko kwenye maduka mengi na bei za kushindana.

Tatizo ni kwamba maduka mengi ya huko yamemzoea mwenye gari na mwenye pikipiki kuliko mwenye boti. Katika rafu moja linaweza kukaa kopo la oili ya bodaboda, la oili ya chenso, la gari la petroli, la lori la dizeli na la mashine ya boti, yote ya lita moja, yote yamepambwa kwa picha za kuvutia na maneno ya Kiingereza. Mnunuzi akisema tu kwamba anataka oili ya tustroki, atapewa iliyo karibu na mkono wa muuzaji au iliyo na bei nafuu. Muuzaji hatakuwa amemdanganya, maana oili hiyo ni ya tustroki kweli. Swali ambalo halikuulizwa ni tustroki ipi.

Gharama ya kosa hilo haionekani siku hiyo hiyo, na ndiyo maana linarudiwa. Mashine itawaka, itasukuma boti, itarudi salama. Zitapita wiki kadhaa, pengine miezi, ndipo plagi zianze kufa mara kwa mara, kisha mashine iwe nzito kuwaka alfajiri, na hatimaye siku moja izime mkondoni huku upepo wa kusi ukivuma. Kwa mwenye gari, kuzimikiwa njiani ni kero. Kwa watu sita walio nje ya visiwa, giza linaingia na nanga haifiki chini, ni jambo la uhai.

Oili inayoungua pamoja na petroli

Injini nyingi za kupachika zinazotumiwa na wavuvi wadogo wa pwani ni za tustroki, na miongoni mwa zinazojulikana zaidi ni zile za Yamaha za aina ya Enduro, ambazo watu huziita kwa nguvu zake tu: mashine ya 15, ya 25, ya 40. Katika nchi za Ulaya na Marekani, masharti ya moshi na uchafuzi wa maji yaliyokazwa kuanzia miaka ya 2000 yameziondoa mashine za namna hiyo katika maduka ya boti mpya. Huku kwetu zimedumu kwa sababu ni nyepesi kubeba begani, hazina vitu vingi ndani, na fundi wa ufukweni anaweza kuifungua na kuifunga kwa spana chache.

Sehemu ya wepesi huo inatokana na jambo moja. Mashine ya tustroki haina hodhi la kuhifadhia oili. Katika gari, oili hukaa chini ya injini, hupandishwa na pampu, hulainisha vyuma na kurudi ilikotoka, na kazi hiyo huendelea kwa maelfu ya kilometa. Katika tustroki, oili huchanganywa na petroli kwenye tangi. Mchanganyiko huo hupita kwanza kwenye chumba cha chini, zilipo shafti na beringi, ukiacha utando mwembamba wa oili juu ya vyuma, kisha hupanda juu ya pistoni na kuchomwa. Kwa maneno mengine, kila tone la oili linaloingia katika mashine hiyo mwisho wake ni kuungua.

Hivyo basi, oili inayofaa ni ile inayoweza kufanya kazi mbili zinazopingana: ilainishe vizuri inapopita, halafu iungue bila kuacha kitu nyuma. Oili ya gari haikutengenezwa kwa ajili ya kuungua. Watengenezaji huitia viambato vyenye madini kama kalisi na zinki, ambavyo ndani ya injini ya gari husafisha uchafu na kuzuia vyuma kusagana. Viambato hivyo vikichomwa hubaki majivu. Majivu hayo hukaa kwenye ncha ya plagi, kwenye mifereji ya ringi na juu ya kichwa cha pistoni.

Ringi ikishikwa na uchafu huo hainyumbuki tena, mgandamizo hupungua, na mashine ya 40 huanza kuvuta kama ya 25. Mbaya zaidi ni punje ya majivu inayobaki inawaka kama kaa la moto. Inaweza kuwasha petroli kabla ya plagi kutoa cheche, pistoni ikiwa bado inapanda, na mwisho wake ni pistoni iliyotoboka katikati kana kwamba imepigwa patasi. Mafundi wa boti wanaifahamu sura hiyo, ingawa si kila mwenye boti anayeletewa pistoni hiyo mkononi huuliza ilifikaje hapo.

Hata oili ya tustroki ya pikipiki haitoshi, na hapa ndipo wengi hupotea. Pikipiki ya tustroki na chenso hupozwa kwa hewa, kwa hiyo silinda zake hupata joto kali. Oili yake imetengenezwa ivumilie joto hilo, na mara nyingi hutiwa kiasi kidogo cha madini ili isafishe masizi katika hali hiyo. Mashine ya boti hunyonya maji ya bahari na kuyazungusha kwenye kuta za silinda. Bahari ya Dar es Salaam inaonekana ya uvuguvugu kwa anayeogelea, lakini kwa injini, maji ya nyuzi 25 hadi 30 yasiyokwisha ni baridi ya kutosha. Kisha kuna mwendo wenyewe: mvuvi anayekokota mishipi hukaa saa nyingi kwenye mwendo wa taratibu, injini haipati joto la kuchoma uchafu wake, halafu ghafla anataka nguvu zote ili arudi na samaki kabla mnada haujaisha. Juu ya yote hayo kuna chumvi, ambayo haichelewi kuweka kutu kwenye beringi za mashine iliyolala siku mbili.

Herufi za kutafuta

Kwa sababu hizo, chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani, kinachofahamika kwa herufi NMMA, kina kipimo chake cha oili ya injini za kupachika za tustroki. Kipimo hicho kinaitwa TC-W. Herufi hizo zinasimama badala ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya injini ya mipigo miwili inayopozwa kwa maji. Toleo linalotumika limekuwepo tangu miaka ya 1990 nalo ni TC-W3. Oili yenye alama hiyo haina viambato vya kuacha majivu, imepimwa kwa kukwama kwa ringi na kwa kutu, na inachanganyika haraka na petroli bila kutuama chini ya tangi. Watengenezaji wakubwa wa mashine hizo, wakiwamo wa Japani, wanaitaja katika vitabu vya maelekezo.

Basi kwa mwenye mashine ya tustroki neno la kumwambia muuzaji ni moja: TC-W3. Alama hiyo iwe imechapwa kwenye kopo, si kusimuliwa kwa mdomo. Kwenye makopo ya oili zilizosajiliwa na chama hicho huwa pia kuna namba ya usajili inayoanza na herufi RL. Jina la kampuni ni jambo la pili. Yamalube ni oili ya Yamaha yenyewe na Quicksilver inatoka kwa watu wa Mercury, lakini zipo oili za kampuni nyingine zenye TC-W3 halali na bei nafuu zaidi, na mashine haitajua tofauti. Hata hapo mtu asome vizuri, kwa kuwa jina moja la oili hubandikwa kwenye aina nyingi. Kopo la Yamalube la pikipiki ni la pikipiki.

Rangi haisemi chochote. Buluu, kijani au nyekundu ni rangi tu iliyotiwa ili mtu aone kwamba petroli yake tayari imechanganywa. Kampuni moja inaweza kutumia buluu kwa oili ya boti na nyingine ikatumia buluu hiyo hiyo kwa oili ya pikipiki.

Namba nayo imepotosha wengi. Wapo manahodha wazee ambao hadi leo wanaamini kwamba oili namba 40 ndiyo yenye nguvu kwa sababu ni nzito, na imani hiyo ina asili yake. Injini za zamani, kama zile za Seagull za Uingereza, zilitumia oili ya kawaida ya injini kwa wingi mkubwa, kiasi cha sehemu moja ya oili kwa sehemu kumi za petroli, na ziliacha nyuma yake moshi na utando wa mafuta juu ya maji. Zilikuwa injini za mwendo mdogo, zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Aliyejifunza kazi kwenye mashine kama hizo hakukosea wakati wake. Ila mashine ya leo inazunguka kasi zaidi, nafasi kati ya vyuma vyake ni ndogo zaidi, na uzito wa oili mkononi si kipimo cha ulinzi inaoutoa.

Msomaji mkulima naye asiruke sehemu hii. Chenso, mashine za kufyekea nyasi na mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa yenye injini ni za tustroki pia, lakini zinapozwa kwa hewa. Huko kosa hugeuka: oili ya boti haifai. Vitabu vya Husqvarna, kwa mfano, vinakataza waziwazi kutumia kwenye misumeno yao oili iliyotengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa maji, kwa sababu haivumilii joto la silinda ya namna hiyo. Kwa mashine hizo hutafutwa alama za Kijapani za JASO, FC au FD, au ile itakayotajwa na mtengenezaji. Mwenye shamba Mkuranga na boti Kisiju ahesabu makopo mawili, na asiazime la huku kupeleka kule.

Mashine za fostroki, ambazo zinazidi kuonekana kwenye boti za abiria na za watalii, ni habari nyingine kabisa. Hizo zina hodhi la oili na stiki ya kupimia kama gari, petroli yake haichanganywi na kitu, na oili yake huwa ya 10W-30 au 10W-40 kadiri kitabu kinavyosema. Alama yake ya majini kutoka chama kile kile ni FC-W. Kumimina oili ya tustroki kwenye hodhi la fostroki, au kuweka petroli tupu kwenye tangi la tustroki kwa kudhani ni fostroki, ni makosa yanayotokea pale boti moja inapokuwa na madereva wawili au watatu wanaopokezana. Alama ya rangi kwenye dumu ingesaidia sana, na haina gharama.

Kipimo cha dumu

Kwa mashine nyingi za tustroki zilizokwisha kuzoea kazi, kipimo ni sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli. Zipo aina ambazo mtengenezaji ameruhusu moja kwa 100, na zipo za zamani zinazohitaji moja kwa 25, kwa hiyo neno la mwisho ni la kitabu cha mashine husika au kibandiko kilicho juu yake. Mashine mpya kabisa ya kuchanganya kwa mkono kwa kawaida hupewa oili maradufu, moja kwa 25, katika saa zake 10 za mwanzo, huku ikiendeshwa bila kukazwa.

Kwa dumu la lita 20, moja kwa 50 ni mililita 400. Kwa tangi la lita 25 ni nusu lita kamili, yaani chupa moja ndogo ya maji ya kunywa. Anayetumia chupa ya soda ya mililita 350 kwa dumu la lita 20 anadhani amejaza kipimo, kumbe ana moja kwa 57. Siku moja haitaua mashine, lakini akitumia chupa hiyo hiyo kwa tangi la lita 25 atakuwa amefika moja kwa 71, na hapo kwa mzigo mzito na safari ndefu anacheza na bahati. Kikombe chenye mistari ya mililita, cha plastiki, kinauzwa kwa bei ya soda yenyewe.

Kuzidisha nako si kinga. Oili ikizidi, plagi hulowana na kuwa nyeusi, bomba la moshi hujaa masizi, na kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: tundu la kabureta hupitisha kiasi kile kile cha mchanganyiko, kwa hiyo oili ikichukua nafasi kubwa, petroli inayoingia inapungua. Mashine inayonyimwa petroli hupata joto. Plagi yenyewe ni shahidi mzuri kwa anayejua kuisoma. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mambo ni mazuri. Ikiwa nyeusi na imelowa, oili imezidi au mashine haipati moto wa kutosha. Ikiwa nyeupe yenye vipele vidogo, kuna joto lisilo la kawaida, na ni vizuri isiingie baharini mpaka sababu ijulikane.

Kuchanganya kunafanyika nchi kavu, mbali na jiko na sigara. Oili huwekwa kwanza pamoja na lita chache za petroli, dumu linatikiswa, kisha petroli iliyobaki inaongezwa na kutikiswa tena. Petroli ipite kwenye kitambaa safi au chujio, kwani maji kidogo chini ya dumu yanatosha kuzima mashine. Mchanganyiko uliokaa mwezi mzima juani usitegemewe kwa safari ya mbali.

Petroli yenyewe nayo ina historia yake nchini. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ulikithiri kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta, na katika bajeti ya mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa hugonga ndani ya injini na kuleta joto ambalo hakuna oili itakayolizuia. Dumu linalonunuliwa ufukweni kwa mtu asiye na kituo halina wa kulijibia.

Nani analipa?

Sasa swali la fedha. Katika moja kwa 50, oili ni asilimia mbili tu ya petroli kwa ujazo. Tuseme lita ya oili halali ya TC-W3 inauzwa mara tatu ya lita ya petroli. Dumu la lita 20 litahitaji oili yenye thamani ya lita 1.2 za petroli, yaani nyongeza ya asilimia sita. Sasa tuseme oili ya mtaani inauzwa nusu ya hiyo. Akiba ni thamani ya lita 0.6 za petroli kwa kila dumu.

Isisemwe kwamba hiyo si kitu. Boti inayokula madumu mawili kwa siku na kutoka siku 25 kwa mwezi itakuwa imeokoa thamani ya lita 30 za petroli, na hakuna mvuvi atakayezidharau. Lakini upande wa pili wa mizani kuna pistoni, ringi, kuchonga silinda, ujira wa fundi, na siku ambazo boti inakaa mchangani wakati bahari ina samaki. Mashine iliyonoki mara moja kwa mwaka inameza akiba ya miezi mingi.

Kwa nini basi watu wenye akili zao huendelea kununua oili isiyofaa? Jibu haliko kwenye ujinga bali kwenye mgawanyo. Katika boti nyingi za pwani, gharama za safari, yaani petroli, oili, barafu na chakula, hutolewa kwanza kwenye mauzo. Kinachobaki ndicho hugawanywa kati ya mwenye boti na mashine kwa upande mmoja, na nahodha na mabaharia wake kwa upande mwingine. Kila shilingi inayopunguzwa kwenye gharama za safari inaongeza fungu la kila mtu usiku ule ule. Mashine ikiharibika, mara nyingi anayeitengeneza ni tajiri peke yake.

Kwa hiyo anayekwenda kununua oili na anayebeba hasara ya oili mbaya mara nyingi si mtu mmoja. Nahodha anayechagua kopo la bei ya chini hafanyi hila. Anafanya kile ambacho mapatano yanamsukuma kufanya. Matajiri wanaolalamika kwamba vijana wanaua mashine wangepata nafuu zaidi kwa kubadili mapatano kuliko kwa kubadili nahodha: oili iondolewe kwenye gharama za safari na iwe juu ya mwenye mashine, kama ilivyo kwa plagi na propela. Tajiri anunue katoni nzima, ambayo bei yake kwa lita huwa chini kuliko kopo mojamoja, aitunze mwenyewe, na amkabidhi nahodha kipimo cha oili kwa kila dumu la petroli. Gharama inahama kidogo, lakini uamuzi unarudi kwa yule ambaye pistoni ni yake. Mabaharia nao hawapotezi, maana mashine ikiwa kwa fundi hakuna anayegawiwa chochote.

Kabla ya kutoa fedha dukani

Mnunuzi anayeingia Kariakoo aende na kitabu cha mashine, au hata picha ya ukurasa wa oili kwenye simu. Kinamaliza mabishano mengi kaunta. Oili ya kupima, ile inayomiminwa kutoka kwenye pipa kwenda kwenye chupa ya maji, aiache hata kama muuzaji ni ndugu yake. Inaweza kuwa nzuri na inaweza kuwa oili chafu iliyochujwa, na kwenye chupa isiyo na maandishi hakuna njia ya kuzitofautisha.

Kwenye kopo zima kinachoangaliwa ni mdomo wake. Pete ya kifuniko iwe haijakatika, karatasi ya alumini ndani iwe imeshikamana sawasawa, na namba ya toleo iliyochapwa kwenye kopo iwe inasomeka, haikufutwa. Lebo iliyopinda, herufi zenye makosa ya tahajia, au makopo ya katoni moja yanayotofautiana ujazo ni dalili za kuondoka dukani. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka matatu ya jirani pia ni dalili.

Risiti ya mashine ya EFD ina faida zaidi ya kodi. Ndiyo inayothibitisha oili ilinunuliwa wapi na lini, iwapo mnunuzi atataka kurudisha mzigo au kupeleka malalamiko. Bidhaa bandia ziko chini ya Tume ya Ushindani, FCC, na ubora wa bidhaa uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Wote hao watauliza ushahidi. Ni busara pia kubaki na kopo moja ambalo halijafunguliwa kutoka katoni hiyo, na kuandika tarehe kwa kalamu.

Hata hivyo si kila mashine iliyonoki iliuawa na oili. Maji ya Feri na ya vijito vinavyomwaga baharini yana mifuko ya plastiki na mchanga, na vitu hivyo viwili huziba njia ya maji au kula mabawa ya impela, kile kipira kinachosukuma maji ya kupozea. Mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya mashine ukipungua au ukiwa wa moto, mashine izimwe papo hapo. Mashine iliyokosa maji huiva ndani ya dakika chache, na TC-W3 ya gharama yoyote haitaiokoa. Fundi anayelaumu oili bila kufungua impela hajamaliza kazi yake, na anayebadilisha impela bila kuuliza oili gani inatumika naye vivyo hivyo.

Kuna oili ya pili ambayo husahaulika kwa kuwa haiishi: ya gia, katika mguu wa mashine unaobeba propela. Hiyo ni oili nzito ya gia, kwa kawaida SAE 90, na kitabu hutaja daraja lake. Hubadilishwa mapema mashine ikiwa mpya, kisha kila baada ya saa 100 za kazi au miezi sita. Skrubu zote mbili, ya chini na ya juu, hufunguliwa ili oili ya zamani imwagike. Ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia na sili imekufa. Mpya hujazwa kutoka tundu la chini, taratibu, mpaka itokee tundu la juu, kwani ikimiminwa kutoka juu hewa hubaki ndani na gia hufanya kazi nusu kavu. Vipete vya skrubu hizo viwe vipya. Ni vitu vya bei ndogo sana Gerezani, na ndivyo vinavyozuia bahari kuingia.

Oili iliyotolewa ikusanywe kwenye dumu lake, isimwagwe ufukweni ambako samaki wanateremshwa. Na kopo la oili likiisha litobolewe kwa msumari kabla ya kutupwa, kwa sababu kopo zima lenye lebo safi na kifuniko chake lina mnunuzi, na huyo hataki kutilia maji ya kunywa.